Vifuko 320, vitako 131 vilivyofumuka kabla ya walima

Simu iliita saa moja kasoro asubuhi, siku ya Ijumaa. Sijamaliza hata shikamoo, mama akanikatisha: "Mwanangu, vifuko vyako vinamwaga."

Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitia hofu zaidi. Mama wa bibi harusi akiongea polepole siku moja kabla ya walima, ujue amekesha. Nikamuuliza vinamwaga vipi. Akasema viko ambavyo ukivishika kwa juu kitako kinabaki mezani na tende zake, na viko vilivyoshika ila vimelowa madoa kama gazeti la bajia. Nikavaa baibui juu ya dira niliyolalia, nikachukua mkasi, rula na vifuko 14 vilivyobaki nyumbani, nikatoka.

Nimeamua kukieleza kisa hiki chote, pamoja na hesabu zake. Nimekuwa nikitengeneza vifuko vya karatasi vya zawadi ndogondogo hapa Tanga kwa miaka kadhaa na nilidhani kazi hii naijua. Kumbe nilikuwa najua kuipamba tu.

Kazi ilivyokuja

Mwaka 2023 Ramadhani iliisha Aprili, kwa hiyo Mfungo Mosi, mwezi ambao harusi zetu hufuatana kama siafu, uliangukia katikati ya masika. Mama huyu alikuwa anaoza binti Jumamosi ya kwanza ya Mei. Alinitumia ujumbe WhatsApp: anataka vifuko 320 vya kuwapa wageni wa walima, rangi ya maziwa yenye maua ya dhahabu, mdomoni utepe wa damu ya mzee, mbele kibandiko chenye majina ya maharusi na neno Shukran. Kuhusu kitakachowekwa ndani aliandika maneno manne: "vitu vitamu vya kula". Sikuuliza zaidi. Kichwani mwangu vitu vitamu ni pipi.

Nikampelekea sampuli. Ndani nilitia pipi sita za kufungwa kwa karatasi, nikafunga utepe, nikaiweka kwenye sinia. Aliipenda papo hapo, akatoa nusu ya malipo. Bei tulikubaliana shilingi 400 kwa kimoja, yaani 128,000 kwa vyote.

Ukitazama nyuma utaona sampuli ile haikuthibitisha kitu. Pipi hazina mafuta, hazina uzito wa maana, na kifuko kilikaa mezani robo saa tu. Mimi na yeye tulikuwa tumepima utepe.

Alichokuja kuweka ndani ni vipande viwili vya kashata ya nazi, tende tatu na kijipande cha udi kwenye karatasi yake. Kwa mtu wa pwani mchanganyiko huo hauna ubishi. Bibi zetu waliwapa wageni kikuba cha asumini na mrehani, wakawanyunyizia marashi, na mgeni akaondoka ananukia bila kubeba chochote. Siku hizi mgeni asipotoka na kitu mkononi anahisi kama hakualikwa. Vitu hivi hivi, kashata na tende, kwa miaka mingi vilitiwa kwenye vifuko vya nailoni vinavyoonesha ndani, vikafungwa ribboni, biashara ikaisha. Halafu mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia 1 Juni 2019, Zanzibar wakiwa wameshatangulia. Marufuku ile ilikuwa ya mifuko ya kubebea, rambo kama tulivyozoea kuiita, wala si ya kila kifungashio, lakini watu wengi walichukulia kwamba nailoni yote imekwisha na wakageukia karatasi. Sisi wa mkasi na gundi tukapata kazi. Tatizo ni kwamba nailoni ilikuwa inatusamehe. Ilizuia mafuta bila kuombwa, na chini imechomwa kiwandani, haifumuki. Karatasi haikusamehe kitu, na mimi niliendelea kufikiri kama mtu wa nailoni.

Kifuko chenyewe

Karatasi ya zawadi niliyonunua ilikuwa ya sentimita 50 kwa 70, ile inayong'aa upande mmoja na upande wa ndani mweupe umekwaruza kidogo. Nilikata kila moja vipande tisa, vitatu kwa vitatu, kila kipande sentimita 23 kwa 16.5. Mabaki ni vijiutepe tu vya pembeni. Ndiyo maana napenda kipimo hicho.

Sentimita 23 ndizo zinazozunguka. Unatoa moja ya kupandana kwenye mshono wa ubavu, zinabaki 22: uso 7.5, mgongo 7.5, na mbavu mbili za 3.5. Nina kipande cha mbao nilichochongewa na seremala kwa vipimo hivyo. Karatasi inazungushwa juu yake, ubavu unagundishwa, kisha chini unafunga kama unavyofunga boksi la zawadi. Mbavu ndogo zinaingia ndani kwanza, halafu ulimi wa nyuma unalala, halafu ulimi wa mbele unakuja juu yake na gundi. Unachomoa ubao, kifuko kinasimama.

Kwa kawaida ndimi za chini nazikunja sentimita 2.5. Safari hii nilizikunja 2. Sababu ni ya aibu kidogo: nilitaka kifuko kionekane kirefu, na nusu sentimita ile niliiona bora ipande juu kwenye utepe ambako macho yanafika. Sasa piga hesabu. Kitako kina upana wa 3.5. Ndimi mbili za 2.5 zinafanya 5, kwa hiyo zinapandana kwa sentimita 1.5. Ndimi mbili za 2 zinafanya 4, zinapandana kwa nusu sentimita. Nilipunguza nusu sentimita kwenye kila ulimi, nikapoteza theluthi mbili za eneo la gundi. Kwa karatasi za zamani ningeliona hilo haraka, ila mkono ulikuwa umeshika mwendo, dakika nne kifuko kimoja, jioni nne mfululizo, na mvua nje.

Nilichokikuta mezani

Sebuleni kwa mama kulikuwa na mikeka mitatu, vifuko vimepangwa juu yake safu kwa safu, na wanawake watano wamekaa kimya, kimya kile cha watu wanaokusubiri ufike ndipo waanze kusema. Nikasalimia kila mmoja kwa zamu yake. Mama mkubwa wa bibi harusi akaitikia marahaba, akanipa kifuko bila neno la ziada. Nikakinyanyua kwa utepe. Kitako kikafunguka kama mlango wa kabati, kashata ikaniangukia mguuni.

Tulihesabu. Vilivyofumuka vilikuwa 131. Vyenye madoa vilizidi 200, na vingi vilikuwa na maradhi yote mawili.

Nakiri jambo la kwanza nililolisema moyoni: mafuta ya kashata ndiyo yameyeyusha gundi. Nilitaka sana iwe hivyo, kwa sababu kashata hazikuwa zangu. Aliyezipika alikuwepo pale pale, na yeye macho yake yalikuwa yananiambia kwamba karatasi yangu ni dhaifu. Kama tungeendelea hivyo tungefika magharibi tunalaumiana. Kilichotuokoa ni vile vifuko 14 nilivyokuja navyo. Vilikuwa vitupu, havijawahi kuonana na kashata. Nikaomba mchele, nikatia kikombe kidogo cha kahawa katika kila kimoja, nikavinyanyua. Sita vikamwaga.

Basi mafuta hayakuhusika na vitako. Kosa hilo lilikuwa la mkono wangu mtupu, nikalisema kwa sauti ili kila aliyekaa kwenye mikeka alisikie. Hali ya hewa sebuleni ilibadilika hapo hapo. Mtu mmoja akaniletea chai.

Kwa nini kitako hakikushika

Nilichana taratibu vitako vya vile sita na kuvitazama dirishani. Vitatu vilikuwa na gundi iliyokauka vizuri kabisa, lakini imebanduka. Upande wa ndani wa ulimi wa mbele imeng'ang'ania. Upande wa pili imetoka kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa, mwembamba, unaona mwanga, na chini yake ua la dhahabu linang'aa halina hata alama. Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nakifanya kwa miaka bila kukiwazia. Ulimi wa mbele ukilala juu ya ulimi wa nyuma, kinachogusana ni tumbo la mmoja na uso wa mwenzake. Gundi nyeupe, hii ya maji tunayonunua kwa mafundi mbao, hushika kwa kuzama ndani ya nyuzi za karatasi na kisha maji yake kukauka. Tumbo la karatasi lina nyuzi. Uso uliopakwa mng'aro hauna pa kuzama, gundi inakaa juu juu na kusubiri sababu ya kuondoka.

Utauliza, mbona mshono wa ubavu haukufumuka na nao ni tumbo kwa uso? Kwa sababu ubavu haubebi kitu. Una urefu wa sentimita 16 za gundi na kazi yake ni kusimama tu. Kitako kina nusu sentimita na juu yake pamekaa karibu gramu mia za kashata na tende.

Katika vile vitatu vingine gundi ilikuwa bado nyeupe. Gundi hii ikikauka huwa kama kioo. Ukiiona ina rangi ya tui ujue ina maji bado. Na hivi vilikuwa vya jioni ya mwisho, Jumanne, mvua ilipokuwa inapiga bati hatusikilizani. Nilivifunga mafungu ya ishirini ishirini kwa rababendi, nikavipanga kwenye katoni na kuifunga. Jumatano mchana nikavipeleka, hivi vya ziada vikabaki nyumbani vimefungwa vivyo hivyo. Hewa ya Tanga mwezi wa Mei imejaa maji kama sifongo, na ndani ya katoni maji ya gundi hayakuwa na njia ya kutokea. Isitoshe, nilikuwa nimeizimua ile gundi ili ifike hadi kifuko cha mwisho. Kilo moja ilikuwa inatosha bila kuzimua, uchoyo tu.

Kuna mwanamke Mmarekani, Margaret Knight, ambaye karne ya 19 aliunda mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa. Mtu mwingine akajaribu kujipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kazi yake, wakapelekana mpaka yeye akashinda na kupewa hataza mwaka 1871. Zamani nilikuwa naisoma habari hiyo kama hadithi ya mwanamke aliyedhulumiwa akapata haki. Tangu Ijumaa ile naisoma kwa jicho la fundi. Mifuko ya karatasi ilikuwepo kabla yake, na mashine za kuitengeneza pia. Vita yote ilikuwa juu ya kitako.

Mafuta

Hapa lawama tuligawana, na sidhani kwamba najipendelea.

Nyama ya nazi iliyokomaa karibu theluthi yake ni mafuta. Ukiikuna, ukaichemsha na sukari na kuikata vipande, mafuta hayaendi popote, yamo humo humo. Na mafuta ya nazi yana tabia moja ambayo kila anayepaka nywele anaijua: kwenye baridi huganda yakawa meupe, na yakifika nyuzi joto 24 hivi huyeyuka. Lushoto usiku wa Julai kashata ingeweza kukaa kwenye karatasi ikatulia kiasi. Tanga mwezi wa Mei mafuta hayo ni maji.

Na karatasi ni nyeupe kwa sababu kati ya nyuzi zake kuna hewa inayotawanya mwanga. Mafuta yakiingia yanakaa mahali pa hewa, mwanga unapita moja kwa moja, na karatasi inageuka kama kioo chenye ukungu. Nimeliona hilo tangu utotoni kwenye gazeti la bajia na kwenye kipande cha daftari kilichofungiwa maandazi. Karanga za kukaanga tulifungiwa kwenye karatasi iliyosokotwa mfano wa pia na hatukuona madoa, lakini zile zilikuwa kavu, za chumvi, na zilikwisha kabla hujafika kona. Kashata hizi zilikaa ndani usiku kucha na zilikuwa zisubiri mpaka Jumamosi jioni.

Upande wa wenyewe, kashata zilipakiwa Alhamisi usiku zikiwa na uvuguvugu bado. Mpishi mwenyewe alilitaja bila kuulizwa, na nilimheshimu kwa hilo. Kitu cha moto kwenye kifuko kilichofungwa kinatoa jasho, na jasho lile likaongezea mafuta njia. Lakini hata zingepoa, madoa yangetokea, pengine machache na kwa kuchelewa. Sahani ya majaribio ilionesha hivyo: tuliweka vipande vinne vya kashata iliyopoa juu ya karatasi nne tofauti saa mbili asubuhi. Kufika adhuhuri karatasi ya zawadi ilikuwa imepenya, ya kaki imepenya, manila imeanza kwa nyuma, na karatasi ya kuokea keki ilikuwa kavu kama ilivyotoka kwenye boksi.

Swali ambalo lingezuia haya yote ni la sekunde tano na lilikuwa langu kuliuliza. Mama alisema "vitu vitamu vya kula" na kwake kauli hiyo ilikuwa kamili, maana nyumbani kwake haina maana nyingine zaidi ya kashata na tende. Fundi ndiye anayejua kwamba pipi na kashata hazikai kwenye karatasi moja. Kwa hiyo kama ingekuwa kwenye mizani, ningejipa kitako chote na robo tatu ya mafuta.

Usiku wa kurekebisha

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda mjini na orodha ya vitu vitatu: karatasi ya kuokea keki, manila ya damu ya mzee, na selotepu ya pande mbili. Karatasi mpya ya zawadi ya kutosha haikuwepo dukani, na hata ingekuwepo, gundi isingekauka kwa wakati. Selotepu haisubiri kukauka. Ndiyo iliyoamua mpango wote.

Mpango ulikuwa huu. Kila kifuko kimwagwe, kashata mbili zifungwe kwenye kipande cha karatasi ya kuokea cha sentimita 15 kwa 15, na kila kifuko kivalishwe mkanda wa manila wa upana wa sentimita 5 unaoanzia usoni, unapita chini ya kitako, na kupanda mgongoni, kama kamba inayomshika mtoto mbeleko ikilegea. Mkanda unafunika madoa mengi, kwa kuwa mafuta yalishuka chini, na unabeba uzito badala ya ile nusu sentimita yangu.

Karatasi ya kuokea ina ukaidi wake: hakuna gundi wala selotepu inayoshika juu yake, ndiyo kazi iliyotengenezewa. Wasichana walihangaika nayo mpaka shangazi mmoja akaonesha kuikunja pembe nne ziingiliane katikati, na uzito wa kashata ukigeuzwa juu chini unaibana yenyewe.

Mikanda nayo ilinipiga chenga. Nilikata ya kwanza kwa urefu wa karatasi ya manila kwa sababu ndivyo zinavyotoka nyingi: sentimita 20 kwa 5, unapata mikanda 44 kwenye manila moja. Ikagoma kukunjika. Ukiikunja pembeni mwa kitako inapasuka ngozi ya juu, unaona weupe kama kovu, na ukiiachia inarudi kunyooka na kuvuta selotepu. Manila, kama karatasi nyingi za mashine, nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ichukue karatasi nzima, ipinde kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande mmoja unalegea mkononi, mwingine unakupinga. Kule inakolegea ndiko mkunjo unakotaka kwenda. Nilipogeuza na kukata kwa upande huo mwingine nilipata mikanda 32 tu kwa kila manila, nikahitaji karatasi kumi badala ya nane. Ilikunjika kama kanga.

Tulianza baada ya magharibi, watu saba. Mmoja alimwaga, wawili walifunga kashata, mmoja alipanga tende na udi, mimi na binti wa jirani tulivisha mikanda, na mama mkubwa alikagua kwa kunyanyua kila kifuko kwa utepe na kukitikisa mara mbili karibu na sikio. Vikombe vya kahawa vilipita. Umeme ulikatika saa nne tukaendelea kwa taa za simu. Karibu saa nane usiku tukawa na vifuko 282 vilivyovaa mikanda na 38 ambavyo madoa yalipanda hadi kwenye majina ya maharusi. Hivyo havikufichika.

Hizo 38 nilizitengeneza upya kwa karatasi ya kaki, ya bahasha, niliyokuwa nimechukua kwa tahadhari. Ndimi sentimita 2.5, gundi bila kuzimua. Kaki imekwaruza pande zote mbili, kwa hiyo gundi ilishika ndani ya dakika chache hata na unyevu ule. Sikuwa na nguvu ya kuipamba. Nilifunga utepe tu na kubandika kibandiko. Asubuhi mama aliviona vimejitenga pembeni, akasema vile vya kaki ndivyo vipelekwe meza ya wakwe, kwa kuwa vimetulia. Nilicheka, machozi yakinilenga.

Hesabu

Niliiandika Jumapili, baada ya kulala kwa muda wa saa kumi na moja.

Karatasi za zawadi 40 kwa 800 ni 32,000. Utepe, sentimita 25 kwa kila kifuko, mita 80, roli nne kwa 2,500 ni 10,000. Gundi 6,000. Karatasi za vibandiko na kuchapisha 14,000. Jumla 62,000, na kwenye 128,000 ingebaki 66,000 kwa saa 21 za kazi. Si mbaya kwa kazi ya barazani.

Marekebisho yalikula 37,000: karatasi ya kuokea roli tatu 18,000, manila 10,000, selotepu roli tatu 6,000, kaki 3,000. Salio alilokuwa anadaiwa mama lilikuwa 64,000. Nilimwambia akate anachoona ni haki. Akakaa kimya kidogo, akanipa 50,000 na sinia la pilau. Kwa hiyo mkononi nilibaki na 15,000, bila kuhesabu ule usiku na bila kuwahesabu wale sita waliokesha nami, ambao kwa sheria ya ujirani haulipi fedha, unalipa kwa kwenda kukesha kwao.

Kuna rafiki yangu wa kazi hii aliyeniambia ningegoma kupunguza bei kwa kuwa kashata zilipakiwa za moto. Sikubaliani naye. Vitako 131 havikufumuka kwa sababu ya moto wa mtu mwingine.

Ninavyofanya sasa

Ndimi zimerudi 2.5, na kwenye karatasi ya kung'aa nazikwaruza kwanza. Msasa laini kabisa, mapito mawili kwenye uso wa ulimi wa nyuma, mpaka mng'aro ufifie na kidole kihisi vumbi. Inaongeza nusu dakika kwa kila kifuko. Nikiwa na haraka naweka selotepu ya pande mbili kwenye kitako na gundi ubavuni. Masika siviweki kwenye katoni kabla ya siku mbili. Navitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, barazani, chini ya feni ikiwa umeme upo. Sampuli sipeleki tena ikiwa na pipi. Namwomba mteja anipe kile kile atakachokiweka, kikae humo usiku mzima, asubuhi tunakiangalia pamoja.

Bei nazo zimekuwa mbili: 400 kwa vitu vikavu, 500 kwa vyenye mafuta, karatasi ya ndani ikiwa juu yangu. Mwanzoni niliogopa wateja watakimbia. Hawakukimbia, ila wengi wanauliza halua iko fungu gani, na ninawajibu kwamba halua inataka kibakuli chenye mfuniko, karatasi tuiache.

Jambo moja bado halijakaa. Karatasi ya kuokea ikifungwa kando kama tulivyofanya usiku ule inaweka vizuri, lakini mgeni akifungua kifuko anaona kitu cheupe cha jikoni kimechungulia, na kifuko kizima kinapoteza hadhi. Nimejaribu kuifanya iwe bitana, kuizungusha kwenye ubao kabla ya karatasi ya nje. Kwa kuwa haigundiki, inateleza na kupanda juu kila unapochomoa ubao. Wiki iliyopita nilikata bitana fupi kuliko kifuko kwa sentimita moja na nusu, nikaiacha ndimi zake ndefu zaidi chini ili zibanwe na mikunjo ya kitako. Katika vifuko kumi, saba vilitulia. Vitatu vilipanda, na vyote vitatu vilikuwa vile nilivyochomoa ubao kwa kuuvuta wima badala ya kuupindisha kidogo.